Binti yangu haachi kuloa, je operesheni itamwacha na figo moja?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama niko Pasua, Moshi. Binti yangu ana miaka 6, tangu nimtoe pampasi hajawahi kukauka, yaani chooni anaenda kama wenzake anakojoa vizuri tu lakini baada ya muda kidogo chupi ishaloa, mchana na usiku. Shuleni wanamkimbia wanasema ananuka. Dawa za UTI amekunywa mpaka basi, bibi yake anasema nimemdekeza nimchape. Juzi ultrasaundi imeonyesha figo ya kushoto ina mirija miwili wakataja operesheni. Naogopa sana, si atabaki na figo moja?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Kwanza fimbo iwekwe chini, na bibi naomba umsomee hapa, huyu mtoto hana kosa lolote na wewe hujamdekeza.

Mtoto kikojozi wa kawaida anakaa mkavu masaa kadhaa halafu anakojoa kitandani mara moja godoro lote linaloa. Wa kwako anavuja kidogo kidogo muda wote na bado kibofu kinajaa anaenda chooni kama kawaida. Kwa mtoto wa kike mambo hayo mawili yakiwa pamoja lazima tufikirie mrija uliokosea njia, na inaniuma kuona watoto wanachapwa miaka kwa kitu walichozaliwa nacho.

Iko hivi. Kila figo huwa na mrija mmoja, ureta, unaoshusha mkojo kwenye kibofu. Kuna watu wana figo yenye mirija miwili na wengi wao hawaumwi kitu, hata hawajui. Shida inakuja mrija wa sehemu ya juu ya figo ukipitiliza, badala ya kuingia kwenye kibofu unaenda kutokea chini ya msuli unaobana mkojo, au ukeni kabisa, sasa hapo ni kama bomba lisilo na koki, linatiririka tu. Wavulana wao mrija huo hutokea juu ya msuli ndo maana hawavuji hivi, wanasumbuliwa zaidi na UTI. Hii hutokea mimba ikiwa changa, sio chakula ulichokula wala mkono wa mtu.

Kuhusu figo, hapana, habaki na moja. Daktari atataka kwanza picha zaidi, mara nyingi siti skani ya kuweka dawa mshipani, aone ile sehemu ya juu inafanya kazi kiasi gani. Kama bado inachuja vizuri haiondolewi, mrija unakatwa unapandikizwa kwenye kibofu au unaungwa na mwenzake wa pembeni. Kama imechoka, na mara nyingi inakuwa imechoka maana haikukua vizuri tangu mwanzo, inatolewa hiyo sehemu tu na mrija wake, sehemu ya chini inabaki inafanya kazi na figo ya kulia haiguswi. Analazwa kwa nusu kaputi hasikii kitu, na kama shida ni huo mrija tu kuvuja kunakoma.

Hospitali ya KCMC hapo hapo Moshi wana idara ya urolojia, yaani ya magonjwa ya njia ya mkojo, omba rufaa na ubebe ile karatasi ya ultrasaundi. Ukifika usiseme "anakojoa kitandani", sema "anavuja muda wote na bado anakojoa kawaida", daktari ataelewa haraka. Wakati unasubiri akipata homa na kutapika au maumivu ya ubavu mpeleke siku hiyo hiyo.

Halafu mrija ukiunganishwa mara nyingi wanaacha stenti ndani, kimpira chembamba cha kusaidia kidonda kipone. Hakitoki chenyewe, kinatolewa baada ya wiki kadhaa, na kikisahaulika kinagandiwa na mawe kinaziba figo, kwa hiyo msitoke wodini kabla hujaandikiwa tarehe ya kukitoa.