Vishada vingapi, Baba Askofu? Maswali mawili kuhusu nembo za kiaskofu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nasikia nembo ya Baba Mtakatifu Leo XIV ni ileile aliyokuwa nayo akiwa askofu kule Peru. Mbona ya zamani ina kofia ya kijani na hii haina? Na ule moyo una maana gani? — *Msomaji, Songea*

JIBU: Milele na milele, amina. Kilichobaki vilevile ni ngao. Ngao humtaja mtu, vinavyoizunguka hutaja cheo chake, na Robert Francis Prevost, ndilo jina la Baba Mtakatifu kabla ya kuwa Papa, amepanda vyeo haraka.

Alizaliwa Chicago mwaka 1955, akasomea hisabati Chuo Kikuu cha Villanova, akaingia Shirika la Mtakatifu Agostino na kupewa upadre mwaka 1982. Alikuwa mmisionari Peru miaka mingi, kisha Mkuu wa Shirika kuanzia 2001 hadi 2013. Nembo aliichagua alipowekwa wakfu kuwa askofu huko Chiclayo, Desemba 2014.

Ngao imekatwa mshazari. Juu kuna yungiyungi jeupe kwenye buluu, alama ya Bikira Maria. Chini, kwenye rangi hafifu, kuna kitabu kilichofungwa na moyo uliochomwa mshale. Hiyo ni alama ya Waagostiniani, na hapa wengi hukosea kwa kudhani ni Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ni moyo wa Agostino mwenyewe, aliyemwambia Mungu katika Maungamo yake kwamba amemchoma moyo kwa neno lake. Kwa hiyo kitabu na mshale visomwe pamoja. Kaulimbiu nayo, *In Illo uno unum*, ni ya Agostino akifafanua Zaburi ya 127 (katika Biblia zetu nyingi ni ya 128): ingawa sisi Wakristo tu wengi, katika Kristo mmoja tu wamoja.

Sasa kofia. Askofu ana kofia pana ya kijani yenye vishada (mafundo ya nyuzi yanayoning'inia) 6 kila upande, vikishuka kwa safu: 1, 2, 3. Askofu mkuu ni kijani pia, ila vishada ni 10 kila upande. Cheo hicho Prevost alikipata Januari 2023 alipoitwa Roma. Septemba mwaka huohuo akawa kardinali: kofia nyekundu, vishada 15 kila upande. Papa hana kofia hiyo. Ana funguo mbili, ya dhahabu na ya fedha, na mitra, ile kofia ndefu ya ibada yenye ncha, ikiwa na mistari mitatu ya dhahabu. Mitra hiyo ilishika nafasi ya taji la ngazi tatu kwenye nembo ya Benedikto XVI, mwaka 2005.

SWALI: Kamati yetu inachapisha vitenge vya jubilei vyenye nembo ya Baba Askofu. Mchoraji ameongeza mitra na fimbo ya kichungaji ili ipendeze. Tuache? — *Katibu wa kamati, Moshi*

JIBU: Mwambie avitoe. Maagizo ya Vatican ya 31 Machi 1969 yanakataza vyote viwili kwenye nembo ya askofu. Nyuma ya ngao husimama msalaba tu: upau mmoja kwa askofu, pau mbili kwa askofu mkuu. Askofu mkuu anayeongoza jimbo kuu huongeza pallio, ule ukanda mweupe wa sufu wenye misalaba myeusi.

Kabla ya kulipa, ombeni kipande cha majaribio. Kwanza angalieni kama picha haikugeuzwa kama kwenye kioo. Mshazari ukigeuka, ngao imekuwa ya mtu mwingine. Halafu rangi. Kanuni ya kale ni kwamba njano na nyeupe, zinazosimama badala ya dhahabu na fedha, haziwekwi moja juu ya nyingine. Si ushamba wa wazee: nyota ya njano kwenye nyeupe haionekani ukiwa hatua kumi tu. Kaulimbiu ikae kwenye utepe chini ya ngao, wala isiandikwe ndani yake.

Mwisho hesabuni vishada kwa kidole. Wachoraji wengi huchukua kofia ya kardinali kutoka intaneti na kuipaka kijani, wakasahau kupunguza vishada. Kofia ya kijani yenye vishada 15 kila upande ipo kweli, lakini ni ya patriarka, cheo kilicho juu ya askofu mkuu.