Ndege Ikitetemeka, Usikimbilie Plagi

Nikiwa fundi mchanga pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, rubani mmoja aliniletea Cessna 172S akidai inamtetemesha hadi miwani inamcheza puani. Nikatoa plagi zote nane, nikazisafisha, nikazirudisha. Bado. Nikabadilisha nyaya za plagi, na hizo si za bure. Bado. Siku mbili zikaisha, mwenye ndege akawa ananipigia simu kutwa nzima.

Siku ya tatu mzee mmoja wa karakana alipita na kikombe chake cha chai akaniuliza, "Kijana, ndege hii imeguswa wapi mara ya mwisho?" Sikujua. Nikafungua kitabu cha injini. Wiki moja nyuma, karakana nyingine ilikuwa imeshusha propela ili kubadilisha sili ya mafuta ya mbele. Tukaishusha tena, tukaigeuza nusu mzunguko, tukakaza bolti kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Mtetemo ukatulia. Propela haikosi kauzito kadogo upande mmoja, na krankishafti, mhimili wa injini unaoizungusha, vivyo hivyo. Ukizifunga hivi zinafutana. Ukizifunga vile zinaongezana.

Basi leo kabla sijagusa spana namhoji rubani. Ilianza lini? Kwenye raundi ngapi za injini kwa dakika? Imeguswa nini? Mtetemo wa kuchechemea, wa kukosa pumzi, mara nyingi ni wa injini. Ule wa mfululizo, unaofuata raundi na usiojali magneto (vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche), nautafuta kwenye propela, spina (kofia iliyochongoka katikati ya propela) au raba za kushikilia injini. Raba zikizeeka injini huinama mbele, na utaona spina haiko sawa na kava ya injini.

Ukishuku injini, jaribu magneto. Kwa 172S, kwenye raundi 1,800, ukibaki na magneto moja, raundi zisishuke zaidi ya 150, na tofauti kati ya magneto hizo mbili isizidi 50. Injini ikikwaruza kwenye magneto moja, iache ifanye kazi kwa hiyo kidogo, zima, kisha pima joto la mabomba ya moshi kwa kipimajoto cha mwanga. Silinda iliyo baridi imejitaja yenyewe. Mara nyingi ni plagi iliyojaa madini ya risasi yanayotoka kwenye 100LL, petroli ya ndege, kwa sababu marubani wetu husubiri foleni ya kuruka huku mchanganyiko wa mafuta na hewa umejazwa mafuta hadi mwisho. Upunguzeni mkiwa chini, jamani.

Propela nayo ina kipimo cha bei ya sanduku la mbao. Weka vizuizi kwenye magurudumu, toa plagi moja kila silinda ili izunguke kwa wepesi, weka sanduku karibu na ncha ya bapa, yaani panga moja la propela, na utie alama. Leta bapa la pili pale pale. Tofauti ikipita milimita 1.6 hivi, usiirushe ndege hiyo. Lakini nakuomba: hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, ichukulie propela kama iko hai. Waya wa kuzimia magneto ukikatika, injini inaweza kuwaka kwa kusukumwa kwa mkono tu.

Anayetua kwenye viwanja vya murram apitishe kidole kwenye ukingo wa mbele wa bapa kila asubuhi. Pengo dogo la kokoto ndipo ufa huanzia, na ncha ikikatika angani mtikisiko wake waweza kung'oa injini. Kusugua pengo hilo kwa tupa ni kazi ya fundi mwenye leseni, ndani ya vipimo vya mtengenezaji. Na mtetemo ukikuanza ghafla ukiwa juu, punguza nguvu, tafuta pa kutua. Uchunguzi utafanyika chini.

Mimi siku hizi nikishusha propela huiwekea alama kwanza, ijulikane ilikaa vipi. Natumia kalamu ya wino. Penseli hapana, grafiti yake hula alumini.