Fiske hakuweza kufariki

SWALI: Mwalimu, naandika makala kuhusu michezo ya barafuni. Kile kigari cha kuteleza kwenye njia ya barafu, niseme "bobsledi lake" au "bobsledi yake"? Nimeandika hivi: "Billy Fiske aliweza kuongoza bobsledi lake kwenye Olimpiki ya baridi kule St. Moritz, Uswisi, mwaka 1928 akiwa na miaka 16 tu, na akaweza kutwaa dhahabu. Mwaka 1940 aliweza kufariki."

JIBU: Bobsledi yake. Bobsledi hii, bobsledi hizi, kama baiskeli. Asili ni Kiingereza: waendeshaji wa mwanzo, huko Uswisi mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wakiyumbisha miili mbele na nyuma ili kigari kiongeze kasi, na inasemekana kule kuyumba ndiko kulikokipa jina. Hilo limekwisha.

Sasa hili "aliweza". Aliweza kufariki! Kwani alikuwa amejaribu kufa mara ngapi akashindwa? Kuweza ni kumudu jambo ambalo mtu angeshindwa. Kufa hakuna anayeshindwa.

Tena tazama ulichokiacha. Fiske alikuwa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza, yeye Mmarekani, kabla nchi yake haijaingia vitani. Tarehe 16 Agosti 1940 ndege yake ilipigwa risasi na Wajerumani. Hakuruka kujiokoa, aliirudisha hadi uwanja wa ndege wa Tangmere, Uingereza, akaitua huku ameungua vibaya, akafariki kesho yake. Hapo ndipo "aliweza" linapotakiwa: aliweza kuitua ndege iliyopigwa. Wewe umelinyima tendo la ushujaa ukalipachika kwenye mauti.

Na huko St. Moritz, "aliongoza, akatwaa dhahabu" yatosha kabisa. Kiambishi "-li-" hakihitaji mkongojo. Kama unalipenda mno neno hili, mpe Eddie Eagan, mwenzake Fiske katika bobsledi ya watu wanne iliyoshinda kule Lake Placid, Marekani, mwaka 1932. Huyo alikuwa ameshatwaa dhahabu ya ndondi Antwerp mwaka 1920, akawa mtu wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki ya kiangazi na ya baridi katika michezo miwili tofauti. Aliweza, kweli aliweza.

Watangazaji wa mpira nimechoka kuwasahihisha. Kila wiki beki "anaweza kuonyeshwa kadi nyekundu", nami nanyamaza. Lakini kwa marehemu sinyamazi. Andika "alifariki", uweke nukta.