Majibu ya Daktari: Jongo likitulia ndipo tiba yake inapoanza

Katika barua zilizonifikia safari hii, tatu zinahusu jongo, ugonjwa ambao wengi wetu huuita gauti. Nimeamua kuzijibu pamoja kwa sababu waandishi wake wote watatu wanapambana na maumivu, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini.

*Daktari, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 47, ninaishi Moshi. Miaka 3 iliyopita niliamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwa kimevimba, kinang'aa, kina joto, na hata shuka likikigusa natamani kulia. Tangu hapo maumivu hunirudia mara 3 au 4 kwa mwaka, na kila yakija huchomwa sindano ya diklofenaki katika duka la dawa la jirani. Mwezi Februari niliandikiwa alopurinoli hospitalini, lakini siku ya 9 mguu ulivimba kuliko siku zote, nikazitupa. Nimeacha nyama, maharage na mchicha, na bado narudiwa. Kisha nilipimwa damu siku ile ile ya maumivu, nikaambiwa asidi ya yuriki ni ya kawaida. Je, kweli nina gauti? Na usiku ule yanapoanza nifanye nini?*

Ndugu yangu, pole sana. Nimewapokea wagonjwa wengi walioingia chumbani kwangu wakiwa wamevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili, na wengine wameniambia kwamba usiku hupindua kigoda juu ya mguu ili shuka lisiguse kidole. Maelezo yako yanafanana mno na jongo, na kipimo ulichopewa siku ya maumivu hakiliondoi. Wakati wa shambulio kiwango cha asidi ya yuriki katika damu kinaweza kushuka kwa muda, hivyo kipimo kinachofaa kuaminiwa ni kile kinachorudiwa wiki 2 hadi 4 baada ya maumivu kwisha. Ushahidi usio na shaka hupatikana kwa kuvuta maji kidogo ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa darubini, ambapo fuwele za ugonjwa huu huonekana kama sindano nyembamba zenye ncha kali pande zote mbili.

Fuwele hizo zinatoka wapi? Mwili unapovunja seli zake zilizochakaa hupata vitu viitwavyo purini, na purini huishia kuwa asidi ya yuriki. Takriban theluthi 2 ya asidi hiyo huzalishwa na mwili wenyewe, na kiasi kinachobaki ndicho kinachotokana na chakula. Figo ndizo zenye kazi kubwa ya kuitoa, na kwa wagonjwa walio wengi tatizo ni kwamba figo haziitoi ya kutosha, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa umejitakia kwa ulafi, usimsikilize. Asidi inapozidi miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, haiwezi tena kuyeyuka yote. Huganda kidogo kidogo kwenye viungo, hasa vile vya pembeni vyenye ubaridi kama kidole gumba cha mguu, na huweza kukaa humo miaka mingi bila kelele. Siku askari wa mwili wanapozigundua fuwele hizo na kuzishambulia, ndipo moto unapowaka.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Jambo la kwanza ni kuwahi, kwa sababu dawa inayoanzwa ndani ya saa 12 za mwanzo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ile inayosubiri asubuhi ya tatu. Ndiyo maana ningependa uwe na dawa nyumbani, uliyoandikiwa na daktari anayejua hali ya figo zako, tumbo lako na moyo wako. Kolkisini ni mojawapo: kwa kawaida mtu mwenye figo nzima humeza miligramu 1 mwanzoni, kisha miligramu 0.5 baada ya saa 1, basi. Zamani wagonjwa walielekezwa kuendelea kuimeza mpaka waharishe. Utaratibu huo umeachwa, kwa kuwa dozi kubwa huongeza sumu bila kuongeza nafuu. Usiimeze pamoja na klarithromaisini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, kwa maana mchanganyiko huo umewahi kuua watu. Prednisoloni ya siku 5 hivi ni njia nyingine, inayowafaa hasa wale ambao figo zao haziruhusu dawa nyingine, ingawa mwenye kisukari lazima apime sukari yake mara kwa mara siku hizo.

Diklofenaki nayo huzima maumivu kweli, na silaumu kwamba umeikimbilia. Kinachonitia wasiwasi ni mtu kuchomwa sindano yake dukani, kisha akifika nyumbani anameza ibuprofeni juu yake, wakati dawa hizo mbili ni za kundi moja na zote huumiza figo na kutoboa tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo uliochoka hafai kuzitumia. Pamoja na dawa, inua mguu juu ya mto, upumzishe, na uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 20, uondoe, kisha urudie baadaye. Usikande kwa maji ya moto wala usichue. Na ukipata homa kali, ukitetemeka, au kiungo kikivimba kwa namna usiyoizoea, nenda hospitali usiku huo huo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hufanana sana na jongo na unaweza kukiharibu kiungo kwa siku chache tu.

Hayo yote ni ya kuzima moto. Hayapunguzi hata fuwele moja, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa kuwa dawa uliyoitupa ndiyo iliyokuwa tiba yenyewe. Alopurinoli hupunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki. Asidi ikipungua katika damu, fuwele zilizoganda kiungoni huanza kuyeyuka na kubanduka, kama magamba meupe yanavyobanduka ndani ya birika la siku nyingi. Vipande vinavyobanduka huuamsha mwili, na shambulio hutokea. Ulichokipata siku ile ya 9 kilikuwa dalili kwamba dawa imeanza kazi, na ninasikitika kwamba hukuambiwa mapema, kwa sababu mgonjwa asiyeambiwa jambo hili ana haki kabisa ya kuona kwamba dawa inamdhuru.

Utaratibu salama ni kuanza na miligramu 100 kwa siku, au chini ya hapo ikiwa figo zina hitilafu, kisha kuongeza taratibu kila baada ya wiki kadhaa huku ukipimwa, mpaka asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambazo maabara nyingine huziandika maikromoli 360 kwa lita. Wengine hufika hapo kwa miligramu 300, wengine huhitaji zaidi. Katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo daktari huongeza kolkisini ya dozi ndogo kila siku ili kuzuia mashambulio yale ya kubanduka. Shambulio likija katikati, unatibu maumivu na unaendelea na alopurinoli kama kawaida. Ukiiacha na kuirudia kila mara, unaanza safari upya. Sababu moja tu ya kuiacha palepale ni upele, hasa ukiandamana na homa, vidonda mdomoni au macho kuwasha: hapo acha dawa na uende hospitali bila kuchelewa, kwa sababu mzio wake, ingawa ni nadra, huwa mkali sana katika wiki za mwanzo.

Kuhusu chakula, rudisha maharage na mchicha mezani. Ni kweli vina purini, lakini watu wanaovila hawajaonekana kuugua jongo zaidi kwa sababu yake, na kumnyima mtu maharage ni kumnyima protini ya bei nafuu. Vinavyostahili kupunguzwa ni maini, figo, utumbo, dagaa wengi kwa mkupuo, na nyama nyekundu ya kila siku. Pombe huzizuia figo kutoa asidi, na bia huongeza mzigo wa pili wa purini zitokanazo na kimea na hamira. Sioni sababu ya kuihesabu mbege, ambayo nayo hutengenezwa kwa kimea cha ulezi, kuwa salama zaidi. Soda na juisi zilizotiwa sukari pia hupandisha asidi ya yuriki, jambo ambalo wengi hawalijui. Maziwa na mtindi hufaa, na maji ya kutosha ni ya lazima, hasa siku za jua kali na safari ndefu. Ukiwa na uzito mkubwa, upunguze polepole, kwa kuwa kujinyima chakula ghafla kunaweza kulileta shambulio. Hata hivyo, chakula pekee kwa kawaida hushusha asidi kwa miligramu 1 hivi tu. Mtu anayeshambuliwa mara 3 au 4 kwa mwaka kama wewe anahitaji dawa, na kujitesa kwa kuacha kila kitu hakutamfikisha.

*Mwanangu daktari, nina miaka 61, niko Tanga. Natumia hidroklorothiazidi kwa ajili ya presha, mwaka wa 6 sasa. Vifundo vya vidole vya mikono vimevimba, na kimoja kimepasuka kikatoa kitu cheupe kama chaki. Majirani wanasema gauti ni ya wanaume wala nyama. Mimi nyama naiona siku ya sikukuu. Mjukuu wangu aliniletea unga wa mitishamba unaotuliza siku hiyo hiyo, naunywa miezi 5 sasa, lakini uso umejaa na sukari imepanda.*

Shikamoo mama. Jongo huwapata wanawake pia, ila kwa kawaida huchelewa, kwa sababu homoni za kike husaidia figo kutoa asidi ya yuriki mpaka hedhi inapokoma. Kwako imeongezeka dawa ya presha: hidroklorothiazidi hukojoza, na wakati huo huo huzifanya figo zizuie asidi hiyo. Usiiache mwenyewe, maana presha nayo haina huruma, lakini mwombe daktari wako aone kama unaweza kuhamishiwa dawa nyingine. Losartani hushusha presha na kusaidia kutoa asidi ya yuriki, na amlodipini pia huwafaa wengi. Kile cheupe kilichotoka kidoleni ni asidi iliyoganda. Usitumbue vinundu vingine kwa sindano wala wembe, kwa kuwa kidonda chake hukawia kupona na huingiza vijidudu. Funika kilichopasuka kwa kitambaa safi na ukionyeshe kliniki. Kwa mwenye vinundu tunalenga kushusha asidi chini zaidi, chini ya miligramu 5 kwa desilita, na ikikaa hapo miezi mingi vinundu husinyaa. Nimeviona vikisinyaa masikioni na vidoleni mwa watu walioamini kwamba watazikwa navyo.

Lakini kinachonikosesha usingizi katika barua yako ni ule unga. Dawa ya majani inayotuliza viungo siku hiyo hiyo, ikajaza uso na kupandisha sukari, inatia shaka kubwa kwamba imechanganywa na steroidi, yaani dawa za kuzima uvimbe zinazoiga homoni ya mwili, kama deksamethasoni au prednisoloni. Mchanganyiko wa namna hii umewahi kukutwa katika dawa ziitwazo za asili katika nchi mbalimbali, na anayeuziwa haambiwi. Mama yangu, nakuomba usiuache unga huo ghafla. Mwili uliopewa steroidi kwa miezi husahau kutengeneza ya kwake, na ukikatishwa kwa siku moja mtu anaweza kuzimia na hata kufa. Chukua mfuko wenyewe, uupeleke hospitali wiki hii pamoja na dawa zako zote za presha, umwambie daktari umeunywa kwa muda gani na kiasi gani, ili akupunguzie kwa utaratibu na kuishughulikia sukari. Ukianza kutapika, kulegea au kusikia kizunguzungu kabla ya hapo, uende siku hiyo hiyo. Wala usione haya kumweleza. Mjukuu alikuletea kwa mapenzi, na daktari asipojua ulichokunywa hawezi kukutibu.

*Daktari, shikamoo. Baba yangu yuko mwezi wa 2 wa dawa za kifua kikuu, na sasa mabega, magoti na vifundo vya miguu vinamuuma. Amepimwa, asidi ya yuriki iko juu. Anataka kuacha dawa. Tumruhusu? Niko Nairobi.*

Marahaba mwanangu. Msimruhusu. Pirazinamidi, ambayo hutolewa katika miezi 2 ya mwanzo, hupandisha asidi ya yuriki kwa karibu kila anayeimeza, na ethambutoli huongeza kidogo. Mara nyingi viungo hutulia pirazinamidi inapomalizika, jambo ambalo kwa baba liko karibu. Asidi kuwa juu peke yake, bila kiungo kuvimba na kupata joto, si jongo na haihitaji alopurinoli. Mrudisheni kliniki anakochukulia dawa, wamchague dawa ya maumivu inayofaa kwa figo na tumbo lake, naye aendelee kumeza vidonge vyake vya kifua kikuu kila siku kama alivyoelekezwa. Ila mkiona macho yake yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi, au anatapika na hataki chakula, hiyo ni habari nyingine, ya ini: siku hiyo asimeze kidonge kinachofuata kabla ya kuonwa, na mumpeleke mara moja.