Fundi Anajibu: Besi Inakata, Fyuzi Inaungua

Fundi shikamoo. Napiga besi kwenye kwaya hapa Mikindani, ampu yetu ni ya transista, kombo (ampu na spika boksi moja) ya wati 100, tuliinunua used. Tukiwa katikati ya wimbo sauti inafifia yenyewe inakuwa kama redio iliyofunikwa blanketi, nikiipiga kofi kwa juu au nikipiga noti moja ya nguvu inarudi. Fundi mmoja kasema transista za pawa zimekufa, anataka laki na nusu abadilishe zote. Tumpe?
*Mpiga besi, Mikindani*

Marahaba mdogo wangu. Msimpe kwanza, hela ya kwaya inachangwa kwa jasho. Transista ya pawa haina tabia ya kufa halafu kufufuka kwa kofi, mara nyingi ikifa inakuwa shoti moja kwa moja, fyuzi inakatika au ampu inanguruma mpaka watu wanageuka kuangalia. Kitu kinachopotea kikarudi ukikigusa ni mguso, yaani mahali fulani chuma hakikutani vizuri na chuma, na sisi tunaokaa pwani tunajua chumvi ya hewani inavyokula vyuma, angalia tu mabati ya nyumba zilizoangalia bahari.

Geuza ampu uangalie nyuma. Ina matundu mawili ya kuunganishia vifaa vya kubadili sauti, yameandikwa SEND na RETURN? Chukua kodi fupi ya gitaa, yaani waya wake wa kuchomeka, chomeka upande mmoja SEND upande wa pili RETURN, halafu upige kama kawaida mpaka muda ambao huwa inakata. Ikiacha kukata basi mchawi umempata. Ndani ya hilo tundu la RETURN kuna kibati kidogo cha springi, kama hakuna kodi iliyochomekwa sauti yote ya besi inapita kwenye hicho kibati kwenda kwenye pawa, yaani sehemu inayosukuma spika, na kwa kuwa watu wengi hawatumii hayo matundu miaka nenda rudi, kibati kinashika kutu na uchafu, sauti inapita kwa shida, ukipiga noti kubwa umeme unajilazimisha kupita na ndo maana inarudi. Dawa ni spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, ile inayokauka, unapuliza kidogo halafu unachomeka na kuchomoa jeki mara kumi au zaidi. Msiweke mafuta ya kula wala petroli, nimeshaletewa ampu inanuka chipsi.

Kama haina hayo matundu ila ina LINE OUT, ichomeke kwenye mikisa ya kanisa msikilize sehemu mbili kwa pamoja. Sauti ikikata kwenye ampu lakini mikisa inaendelea, ubovu uko baada ya LINE OUT, kwenye pawa au spika, na hapo anza na zile waya zinazochomekwa nyuma ya spika maana zinalegea sana. Zikikata zote mbili, ubovu uko kabla ya LINE OUT, kwenye vitufe vya toni, voliumu na jeki ya kuingizia gitaa. Hicho kipimo peke yake kinakupunguzia nusu ya kazi, na fundi ambaye hajakifanya hana haki ya kukutajia bei.

Mkiamua kufungua, chomoa umeme ukutani, halafu msikimbilie kuingiza vidole kwa sababu zile kapasita kubwa mbili, makopo yanayotunza umeme, zinabaki na chaji. Chukua risista ya wati 5 ya kama omu 1,000, ishike kwa koleo lenye plastiki, igusishe kwenye miguu miwili ya kila kapasita kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita ya umeme uhakikishe volti zimeshuka karibu na sifuri. Wale wa kupiga shoti na bisibisi waacheni na cheche zao. Sasa washa tochi ya simu, ilaze pembeni mwa bodi, angalia risasi iliyoshikilia miguu ya jeki ya gitaa na ya vitufe. Ukiona kiduara chembamba cheusi kimezunguka mguu, hapo risasi imepasuka. Besi inatetemesha boksi zima kila Jumapili na jeki inavutwa na kodi kila siku, lazima ipasuke. Ondoa risasi ya zamani, choma mpya, usiongezee tu juu.

Kaka fundi habari za kazi. Nina ampu ya besi nakodisha kwenye shughuli, na msimu wa korosho ukiisha huku ngoma ni kila wiki. Ilikuwa inakata fyuzi, dogo akafunga waya wa kopa badala ya fyuzi, ikawaka, ikanguruma, spika ikasukumwa mbele ikabaki hivohivo, harufu ya kuungua ikatoka nikachomoa. Naanzia wapi?
*Mwenye muziki, Masasi*

Salama kaka. Anza kwa kuchomoa waya wa spika, na huo wa kopa utupe mbali dogo asiuone.

Kilichotokea ni hiki: ndani ya ampu ya wati 100 kuna umeme wa pande mbili, kama volti 40 juu ya sifuri na 40 chini ya sifuri, na transista za pawa zinapokezana kupeleka kwa spika kidogokidogo. Moja ikipiga shoti, volti 40 zote zinaingia kwenye spika na kukaa hapohapo, ndo maana ilisukumwa mbele bila kurudi. Koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6, sasa volti 40 kwenye omu 6 ni karibu ampia 7, zaidi ya wati 250 zinageuka joto kwenye kawaya kembamba. Fyuzi ilikuwa inakatika kuokoa hiyo spika, nyie mkaifunga mdomo. Pima spika: ikisoma 5.5 mpaka 7 na ukisukuma karatasi kwa vidole taratibu haikwaruzi, umepona. Isiposoma kitu, koili imeungua, inatakiwa kusukwa upya.

Kwenye bodi weka mita kwenye alama ya diodi, pima kila transista iliyofungwa kwenye bati la kupoozea, kati ya kolekta na emita, miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa. Inayolia piii pande zote mbili ing'oe uipime ikiwa nje, ikiendelea kulia imekufa. Lakini usibadilishe hiyo moja ukaishia hapo! Badilisha na pacha wake wa upande wa pili, pima vitransista vidogo vinavyoziendesha, pima na zile risista nyeupe za omu 0.22 mpaka 0.47 maana huwa zinakatika pamoja. Wengi wanaruka hapa, wanaweka transista mpya, wanawasha, pwaa, hela imeenda. Na ujihadhari na feki, hizi 2SC5200 na 2SA1943 zinaigwa sana, ukiuziwa kwa bei ya pipi jua umenunua pipi. Usisahau karatasi ya maika inayozuia umeme na krimu ya joto kati ya transista na bati, bila maika kwenye ampu nyingi ni shoti nyingine.

Kabla ya kuwasha, tafuta glopu ya wati 100 ya uzi, hizi za LED hazifai. Siku hizi zimekuwa adimu, ulizia kwa wafuga kuku wanaolea vifaranga. Iunge kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye ampu, ili umeme upite kwenye glopu kwanza. Washa bila spika. Glopu ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, mambo mazuri, ikibaki inawaka kwa nguvu bado kuna shoti ndani na hujaunguza kitu maana glopu hairuhusu hata nusu ampia kupita. Ikififia, pima volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) pale spika inapochomekwa. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti kadhaa, spika isiguse hapo hata kwa kujaribu.

Fyuzi mpya iwe ya namba ileile iliyoandikwa nyuma, na kama kuna herufi T mbele ya namba usiweke F. T inavumilia ule msukumo wa transfoma wakati wa kuwasha, F itakatika ukadhani ampu bado mbovu.

Fundi, shemeji kaniletea ampu ya besi kutoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V. Nichomeke tu?
*Msomaji, Lindi mjini*

Usichomeke. Umeme wetu ni volti 230, utaiua siku ya kwanza. Angalia kama ina swichi ya kuchagua volti, nyingine iko ndani, ukiigeuza weka na fyuzi ndogo zaidi, karibu nusu ya ile ya 120, soma kilichoandikwa hapo. Kama haina, nunua transfoma ya kushusha 230 kwenda 120, iwe na wati zinazozidi zile ampu inazovuta ukutani, sio zile za sauti zilizoandikwa kwa mbele. Na ile pini ya tatu ya eathi usiikate ili iingie kwenye soketi, tafuta adapta yenye eathi.