Si woga, ni nyasi

Kaka, umeuliza kwa nini wazee wetu wa klabu za Nairobi, wanaotamba hapa kwenye bowls (mchezo wa kubingirisha mipira nyasini isimame karibu na kijipira cha shabaha), wakifika Australia mipira yao inapita kando. Nyasi ndiyo sababu kubwa. Mpira wenyewe si duara kamili, umeundwa ukunje upande mmoja, na kadiri unavyopoteza kasi ndivyo unavyozidi kukunja. Australia nyasi hunyolewa chini kabisa na uwanja hukandamizwa ukawa mgumu: unasukuma kidogo tu, mpira unatembea muda mrefu, unakunja kweli kweli. Uingereza ni kinyume, nyasi nzito, lazima utie nguvu. Kasi ya uwanja hupimwa kwa sekunde ambazo mpira huchukua hadi kusimama umbali wa mita 27 hivi. Sekunde zikiwa nyingi, ndiyo uwanja mwepesi, maana mpira umesukumwa kidogo tu. Uingereza ni kama 10 hadi 12, Australia mara nyingi 14 na zaidi.

Kwa hiyo klabu ikichangisha pesa, wasafiri siku kadhaa mapema wakafanye mazoezi. Sare mpya (wanazipenda hawa!) zingoje. Na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026, mchezo huu umepangwa ndani ya ukumbi, juu ya zulia. Hapo hata mabingwa wa nyasi wana kazi.