Nani atalipa boda ya mwandishi?

Mhariri, umeuliza kama mzazi amruhusu mwanawe achague uandishi wa habari za jamii. Mimi nasema asimruhusu, mpaka tujue nani atalipa nauli ya boda ya kumfikisha kwenye habari.

Redio nyingi za wilayani hapa Uganda humlipa mwandishi kwa kila habari iliyorushwa, si kwa mwezi. Sasa chukua kituo cha afya kilichoishiwa dawa. Kuna kwenda kuwasikiliza wagonjwa, kisha kurudi kumhoji msimamizi. Bila hiyo safari ya pili, kilichobaki ni uvumi. Na akimfikia asiulize tu kama dawa zipo. Aombe kuona kadi ya stoo na hati ya mzigo wa mwisho wa NMS, bohari ya taifa ya dawa, maana mizigo huletwa kila baada ya miezi miwili. Kadi ikisema dawa za malaria ziliingia juzi na rafu ni tupu, hapo pana swali. Lakini ikiwa mzigo wenyewe ulichelewa, kumtaja msimamizi hewani ni kumwonea. Akinyimwa karatasi, aandike ombi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2005; ofisi ina siku 21 za kujibu. Jasho lote hilo, na safari hizo hakuna anayezilipia; nauli hutoka tu kwenye bahasha ya aliyeitisha warsha akitaka itangazwe. Ndiyo maana tunasikia warsha kuliko stoo.

Halafu naikumbuka Mega FM ya Gulu. Ilianza 2002, vita vya Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, vikiwa vimepamba moto, ikawa na kipindi cha Dwog Paco, yaani rudi nyumbani. Sheria ya Msamaha kwa waasi wanaoacha vita ilikuwapo tangu 2000, ila msituni vijana walikuwa wakiambiwa anayerudi huuawa. Tangazo la waziri lingewasaidia nini? Kipindi kiliwaweka waliotoka msituni wenyewe mbele ya maikrofoni, kwa Kiacholi. Mtu anasema yeye ni nani, anawasemesha wenzake aliowaacha, anawaambia amefika na yu hai. Mwenye redio ndogo kule porini aliitambua sauti ya mtu aliyelala naye njaa. Makamanda wakakataza wapiganaji wao kusikiliza, na Kony mwenyewe akapiga simu studioni. Wengi waliorudi walisema kipindi hicho ndicho kilichowapa moyo. Mwandishi wa Kampala mwenye mkalimani asingeliweza jambo hilo, hata kwa gari na mshahara mnono.

Basi nalegeza: aende. Ila lugha ya wilaya aijue hadi ya wazee, na awe na riziki nyingine, iwe kahawa au kutengeneza simu, kwa miaka miwili ya mwanzo angalau. Nauli iandikwe kwenye mkataba. Na redio ikiwa mali ya mwanasiasa, kama zilivyo nyingi huku kwetu, aulize kabla ya kutia saini ni nani anayepitisha habari zinazomhusu mwenye redio. Akiambiwa ni mwenye redio mwenyewe, jibu langu ni lile la mwanzo.